Kadi Thelathini na Saba za Hemedi Chilumba

Hemedi Chilumba, karani wa masjala katika hospitali yetu, alikuwa mtu mwenye adabu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, na adabu hiyo ilibaki kidogo tu itukoseshe dawa. Nasema hivyo huku nampenda. Tulikaa dirisha kwa dirisha miaka kumi na sita, mimi nikigawa dawa, yeye akiandika kadi za wagonjwa. Siku niliyofika kutoka Songea, mwaka 1992, aliniita Mgeni. Siku aliyostaafu, mwaka 2008, aliniaga kwa kusema, "Haya Mgeni, ukizoea utaniambia."

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya misheni, kwenye barabara ya kutoka Naliendele kwenda Nanyamba. Hemedi alifika kila asubuhi kwa baiskeli, suruali imepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni: ya bluu, nyeusi na nyekundu. Alikuwa hamuulizi mtu jina lake kabla ya kumsalimu yeye, nyumba yake, watoto wake na mikorosho yake. Foleni ilikuwa ndefu, mimi nachemka upande wangu, naye anauliza kama mvua ya juzi ilifika hadi kijijini Ziwani. Nikimlaumu ananijibu, "Mgeni, mtu akishasalimiwa vizuri nusu ya homa inashuka." Nilimwambia aje agawe salamu kwenye dirisha langu, maana Panado zilikuwa zinaisha.

Mwaka huohuo niliofika, ulianza mradi wa kutibu watoto wenye saratani ya taya. Ni ugonjwa mbaya kuuona. Mtoto wa miaka sita au saba anavimba shavu, na baada ya wiki chache meno yanalegea na jicho linasukumwa. Uzuri wake ni mmoja: dawa ikiupata, unayeyuka. Nimeona shavu likipungua nusu kwa siku nne. Dozi zilikuwa sita, zikitolewa kwa wiki kadhaa, na mradi ndio ulioleta chupa. Hadi mwaka 2003 tulikuwa tumewatibu watoto sabini na wanne.

Sasa nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua kwa miaka kumi na mmoja, aibu yangu. Huku Nanyamba, mtoto akitoka jandoni, au msichana akitoka unyagoni, anapewa jina jipya, mara nyingi kwa shauri la mjomba wake. Jina la utoto linaachwa. Halitajwi tena mbele yake wala nyuma yake, na ukimwita mtu mzima kwa jina hilo umemtukana, unaweza kuitwa kikaoni ujieleze. Kila mtu wa Nanyamba analijua hilo. Hakuna aliyeona haja ya kumwambia Mngoni wa famasi.

Hemedi aliheshimu mila hiyo hata kwenye makaratasi. Kijana akirudi hospitali na jina jipya, Hemedi hakuthubutu kuendelea na kadi yenye jina la utoto. Alimfungulia kadi mpya yenye namba mpya. Ile ya zamani aliipiga mstari mwekundu kwa rula, akaandika "Imefungwa" na tarehe, akaifunga pamoja na nyingine kwa kamba ya katani. Katika kazi zake zote hakuna iliyompa fahari kama hiyo. Mkaguzi mmoja aliwahi kumsifu kwa unadhifu wa mistari ile, na Hemedi aliisimulia sifa hiyo mwaka mzima.

Septemba 2003 akaja Upendo, mchumi kijana kutoka Dar es Salaam, mzaliwa wa Mbeya, na kompyuta yake ya kupakata. Mradi ulimtuma apime kama dawa ile inastahili gharama yake. Kabla yake ilikuwa imetangulia barua: wagonjwa wapya wasianzishiwe dawa mpaka kikao kikae Dar es Salaam na kuamua. Barua hiyo na Mwajuma walifika wiki moja. Mwajuma alitoka Ziwani na mwanawe wa miaka saba, shavu la kulia limevimba hata mdomo haufungi. Tukampa mtoto kitanda cha nne. Niliisoma barua mara mbili, kisha nikafungua kabati nikampa daktari chupa ya dozi ya kwanza. Sipendi barua zinazoandikwa na watu wasioona mashavu. Lakini chupa zilizobaki zilikuwa za watoto walioanza zamani, na dozi tano za mtoto yule zilikuwa mikononi mwa kikao.

Upendo hakuwa mtu wa kujisikia. Alikaa nasi masjala, akala ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, aliyoleta Tatu, mke wa Hemedi, na akatueleza kazi yake kwa chaki kwenye ubao wangu wa kuandikia dawa zilizokwisha.

"Hapa juu wote sabini na wanne wako hai," alisema. "Kila anayefariki, mstari unashuka. Tuna miaka kumi na mmoja tu ya kutazama, ila mtoto wa miaka saba ana kama hamsini mbele yake. Hiyo hamsini hakuna aliyeiona. Kwa hiyo natazama mstari unaelekea wapi, nauendeleza kwa hesabu, halafu najumlisha miaka ya uhai iliyopatikana na kuilinganisha na bei ya dawa."

"Kwa hiyo mwanangu unaandika yajayo," Hemedi akasema.

"Nakadiria tu, Mzee."

"Na Inshallah unaiweka wapi?"

"Nitaiweka chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo."

Hemedi alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nautazama mstari. Mwaka wa kwanza uliporomoka, na hilo tulilijua, tulizika watoto ishirini na watano katika miaka miwili ya mwanzo ya matibabu yao. Kisha ulitulia kidogo. Halafu, kuanzia mwaka wa tatu, ukaanza kushuka tena ngazi kwa ngazi, ukielekea sakafuni. Kwa hesabu hiyo dawa ilimpa kila mtoto chini ya miaka minne ya kuishi.

"Hili linanisumbua," Upendo alisema. "Ugonjwa huu ukiua unaua mapema. Mtoto akivuka miaka miwili amepona. Mbona hawa wanaondoka mwaka wa tatu, wa nne, wa sita? Na kila mwaka wanaondoka mwezi Agosti?"

"Agosti vijana wanatoka jandoni," Hemedi alisema, akaendelea kuchonga penseli. Hata hapo hakuna aliyeng'amua kitu.

Kesho yake akaja kijana mmoja mrefu anayeitwa Mustafa, amechanika goti mpirani. Hemedi alisimama kumpokea, akamsalimu kwa kirefu chake, akaulizia mama na shamba. Kijana akacheka, na upande wa kushoto meno matatu hayapo. Alipotoka kwenda kungoja bandeji, Upendo aliuliza, "Mzee Hemedi, yale meno yalitokaje?"

"Taya, mwanangu. Lilivimba alipokuwa mdogo. Mgeni huyu ndiye aliyempa dawa."

Nilishtuka, maana sikumtambua hata chembe.

"Mwaka gani?"

"Tisini na nne, mwezi wa tano."

Upendo akapekua orodha. "Tisini na nne sina Mustafa."

"Yumo humo."

"Basi alikuwa anaitwa nani?"

Hemedi akazitazama kalamu zake. "Mwanangu, hilo haliulizwi."

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia aache mambo ya kuzungukazunguka, kuna mtoto kitanda cha nne. Hemedi akainuka, akafunga mlango, akafungua kamba ya katani, akachomoa kadi moja na kuitaja kwa namba: thelathini na moja. Akaiweka mezani kifudifudi na kuigonga kwa kidole.

"Hii imefungwa," Upendo akasema taratibu, macho kwenye orodha yake. "Kwangu huyu amefariki, Agosti tisini na saba. Niliambiwa kadi iliyofungwa nihesabu amefariki."

"Nani kasema amefariki? Mtoto karudi jandoni mtu mzima, nikamfungulia kadi yake."

"Na hizi nyingine? Zote thelathini na saba?"

"Moja ni ya marehemu kweli, malaria ilimchukua, Mungu amrehemu. Waliobaki ni watu wazima na shughuli zao."

Upendo alikaa, mkono mdomoni. Nje marehemu wa Agosti tisini na saba alikuwa anauliza kwa sauti kama bandeji yake inakuja au aende zake.

Nilicheka, nakiri. Kisha nikamwona Hemedi. Alikuwa ameishika kalamu nyekundu kama kitu alichookota njiani, na machozi yanamtoka. "Mgeni," alisema, "nimewazika watoto wa watu kwa rula." Nilikuwa na hasira na yeye, na mimi mwenyewe, na huyo aliyesema kadi iliyofungwa ni maiti, na wakati huohuo nilitaka kumkumbatia. Nikampa chai.

Upendo alipiga simu kwa wakubwa wake. Jibu likaja kavu: kumbukumbu ya karani haitoshi. Kila mhusika akiri mwenyewe, mbele ya shahidi, kwamba kadi ya zamani ni yake, atie sahihi au dole gumba. Kikao ni baada ya siku kumi.

Kwangu jambo lilikuwa rahisi: tuwapelekee kadi, wasome jina, watie sahihi. Hemedi alikataa katakata. "Jina lile si langu wala lako. Mwenyewe ameliacha porini. Nitamwendea vipi nimwambie alirudie mbele yako, wewe uliyetoka Songea juzi?" Juzi yake ilikuwa miaka kumi na mmoja.

Tatu ndiye aliyetufungua. Alikuja kuchukua sufuria lake, akasikiliza, akamwambia mumewe, "Unataka wenzio wavue nguo na wewe umevaa koti. Anza wewe."

Basi Hemedi akaanza yeye. Tulimwendea Mustafa kwanza, kwao Nanyamba, nyuma ya nyumba, mbali na masikio ya watu. Hemedi, mtu wa miaka hamsini, mwenye wajukuu, alimwambia kijana wa miaka kumi na saba jina alilokuwa akiitwa kabla ya jando. Aliniruhusu kusimulia yote haya isipokuwa jina hilo, kwa hiyo silisemi. Nitasema tu kwamba ni jina la kitu kinachopepetwa na kutupwa nje baada ya kutwanga. Mama yake alikuwa amezika watoto wawili kabla yake, akampa huyu wa tatu jina la kitu kisichotamaniwa na yeyote, kifo kimpite. Mustafa alicheka hadi akashika nguzo ya nyumba. Alipomaliza kucheka akaichukua kadi, akaisoma peke yake, akatia sahihi, akairudisha kifudifudi.

Tulikwenda hivyo siku tisa, mimi nikiendesha pikipiki ya hospitali, Hemedi nyuma na mkoba wake. Jina lile alilitaja Ziwani shambani chini ya mikorosho, alilitaja Naliendele nyuma ya duka, alilitaja kisimani huku akichungulia kama kuna mtu. Mwanzoni alilisema akiangalia chini. Siku ya tano alikuwa analisema na kungoja kicheko, na kisipotoka anauliza, "Hujanisikia?" Kwa wasichana alikwenda Tatu, maana mambo ya unyago si ya kiume. Aliwaendea kumi na wawili, na kwa kila mmoja alitaja jina lake yeye la utoto. Hemedi alimbembeleza mkewe alisikie walau mara moja, baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa. Mpaka leo hajaambiwa.

Siku ya tisa tulikuwa na watu thelathini na watatu. Wawili walikuwa wamevuka Ruvuma kwenda Msumbiji, hawakupatikana. Alibaki mmoja, Athumani wa kijiji cha Mahurunga, kwenye bonde la mto. Tulimkuta anachimba handaki la kuzuia viboko wasiingie kwenye mahindi yake, jasho linamtiririka, mwili wa kubeba magunia mawili.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi? Viboko hawajambo?"

Walisalimiana mpaka nikakaa chini. Hemedi alipogusa mkoba, Athumani akatikisa kichwa. "Habari zenu zimenifikia, Mzee. Mimi hapana. Nimepeleka posa wiki iliyopita. Wakwe wakisikia nilikuwa na saratani, watasema kijana ameoza ndani. Shamba lao lile pale."

"Ni haki yako," Hemedi akasema. Hakubisha. Alikaa kwenye udongo uliochimbwa, na ingawa alishakataliwa, akataja jina lake. Athumani ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Kwa nini walikuita hivyo?"

Hemedi akamweleza habari ya mama yake na wale wawili waliotangulia. Kijana akachimba kidogo, akasimama.

"Na mimi kwenye huo mstari wenu nimekufa lini?"

"Agosti tisini na sita. Mkosaji ni mimi."

"Basi mchumba wangu ameposwa na maiti," alisema, na hapo akacheka kidogo. Kisha akauliza, bila kutuangalia, "Hospitali sasa hivi kalala nani?"

"Mtoto wa Ziwani, ana miaka saba. Shavu la kulia."

Athumani akapitisha mkono kwenye shavu lake la kulia. "Ameshapata ya kwanza?"

"Ameipata. Mgeni huyu aliitoa kwa ujanja."

"Ya pili ndiyo inatapisha sana," Athumani alisema. "Mwambieni mama yake asiogope akiona anatapika. Mimi mama alilia." Akanawa mikono kwenye maji ya handaki, akajifuta kwenye kaptula, akanyoosha mkono apewe kalamu. Alipotia sahihi, mkono wake mkubwa uliifunika kadi yote kama mwanafunzi anayeficha majibu. "Ila mkimkuta baba mkwe njiani, tulikuwa tunaongea habari za viboko."

"Viboko tu," Hemedi akaapa.

Na kweli tulimkuta njiani. Hemedi alinisimamisha, akashuka, akamsalimu kikamilifu, akaongea habari za viboko robo saa nzima huku jua linatuchoma. Mzee wa watu alituaga akiamini Serikali imeleta mtaalamu wa viboko.

Upendo alichora upya usiku huo, na asubuhi alituonyesha kabla ya kupanda gari. Mstari ulishuka mwanzoni kama zamani, kwa wale ishirini na watano. Kisha, ukiacha kingazi kidogo cha yule wa malaria, ukalala. Ulikwenda sawa, tambarare, miaka hadi miaka, na alipouendeleza kwa hesabu zake ukaanza kuinama mbali kabisa, mahali ambapo watu wote huinama kwa uzee na maradhi ya kawaida. Chini ya miaka minne ikawa zaidi ya miaka ishirini na saba kwa kila mtoto, ukijumlisha hata wale tuliowazika. Gharama ya kila mwaka mmoja wa uhai ilishuka mara saba. Hemedi aliufuata mkia wa mstari kwa kidole hadi ukingoni mwa kioo, akauliza unakwenda wapi. "Unaendelea, Mzee," Upendo akasema, "kioo ndicho kimeisha."

Simu ilikuja Ijumaa, ofisini kwa mganga mkuu, mchana. Mradi unaendelea, chupa zimo njiani, wagonjwa wapya wapokelewe. Mganga mkuu alitoka nje kutuambia mwenyewe, na mimi, mtu mzima, nilimrukia Hemedi hadi miwani yake ikaanguka. Jumatatu sanduku lilifika. Nilichukua chupa ya dozi ya pili ya kitanda cha nne, Hemedi akachukua kadi ya mtoto, tukaingia wodini pamoja, ingawa kazi yake haikumtaka aingie.

Mtoto alikuwa amekaa anakula uji, mdomo unafunga. Hemedi alimsalimu Mwajuma, akaulizia Ziwani, akaulizia mihogo, akamwambia dozi hii itamtapisha mtoto na asiogope, kuna kijana mmoja mwenye nguvu zake ametuma salamu. Mwajuma alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo kila mama wa wodi ile huuliza, na ambalo Hemedi alikuwa hajawahi kulijibu kwa sababu, alisema, karani hana ruhusa.

"Baba, mwanangu atakua?"

Nilimtazama. Nilijua hesabu, na yeye alizijua: wawili kati ya watatu hupona. Alitoa kalamu ya bluu, akaiweka juu ya kadi.

"Mjomba wake yupo?"

"Yupo. Kaka yangu, hukohuko Ziwani."

"Mwambie aanze kumtafutia jina."